Ukurasa wa Kuku na Maua

Mimi ndiye mshika daftari.
Kurasa mia, jedwali la kuzidisha mgongoni,
doa la chai pale nilipolitegea birika.
Ndani, kwa miandiko ya wajukuu watatu,
wamo wote aliowatibu Bibi Atupakisye
tangu barabara ya Kiwira ilipokuwa tope.

Mwasandube, kifua: kuku mmoja, bado.
Mama Lusungu, mgongo: debe la viazi, kaleta nusu.
Kijana wa mbao, tumbo: alisema atarudi.
Mke wa Mwakipesile, miguu kuvimba:
hana kitu. Bibi aliniambia nichore ua.
Nikachora ua.

Maana desturi ilikuwa hivi: dawa haitajiwi bei.
Unakunywa, unapona,
ndipo unapanda mlima na shukrani kwapani.
Desturi nzuri. Nimeihesabu.
Waliopona, kumbukumbu ilishuka pamoja na homa.
Wasiopona walipita nyuma, kwenye migomba, wasionekane.
Na wasio na kuku hawakuja kabisa,
walikohoa huko huko kwao, kwa heshima.

Sitasema uongo: nilitaka kuweka bei.
Elfu tano, ubao mlangoni, kama duka la vocha.
Bibi alinitazama kama anayetazama maziwa yakichacha.
"Hiyo kadi yako ya bima," akasema, "inanijua?"
Haimjui. Nilishauliza dirishani, mjini Tukuyu.
Karani alishusha kidole kwenye orodha, akafika mwisho,
akageuza karatasi.
Nyuma ilikuwa nyeupe.

Basi tukakaa, mvua ile ya Aprili isiyojua kukoma,
watu thelathini na mmoja jikoni kwake,
moshi ukitutoa machozi ya bure,
tukakubaliana jambo ambalo hata leo linanishangaza:
tulipe tukiwa wazima.
Mia tano kila siku ya soko.
Ukiugua, mlango uukute wazi na mkono wako mtupu.

Mwezi wa nane Mwasandube akaja na hesabu zake.
"Sijakohoa tangu Pasaka. Nirudishieni zangu."
Tulicheka. Yeye hakucheka.
Bibi akamjibu huku anamenya tangawizi,
"Nikutie ugonjwa kidogo basi, usipate hasara?"
Akaondoka. Siku ya soko akalipa,
sarafu moja moja, kwa sauti.

Sasa Gwamaka hupanda na pikipiki
hadi kule ukungu unakolala mpaka saa nne,
chupa zimefungwa majani ya mgomba zisigongane,
kila chupa na karatasi yake: jina, kipimo, tarehe,
na maneno aliyoyataka Bibi mwenyewe:
ukiona damu, usininywe.

Lakini si hilo nililotaka kuandika.

Nilitaka kuandika Alhamisi ile,
Sikitu ameletwa mgongoni kwa kaka yake,
shingo imekaza, macho yanakimbia mwanga.
Bibi alimgusa paji, mara moja tu.
Zamani angechemsha kitu. Najua, nimeona:
mtu akipanda mlima na kuku
humrudishi na kuku wake.
Siku hiyo akasema, "Hili si langu.
Gwamaka, washa."
Nauli ikatoka kwenye kopo letu,
na daktari wa wilaya akasoma barua,
mwandiko wangu, dole gumba lake chini.

Jioni nikafungua daftari nisijue niandike nini.
Hakutoa dawa. Hakubandika hata maji.
Nikaandika: Sikitu, shingo. Bibi alipwe.
Alipwe sawasawa na siku zote,
kwa maneno matatu.

Nilipomsomea alinyamaza, mpaka kuni ikaanguka mekoni.
"Ndaga," akasema, si kwangu, kwa daftari.
Kisha akauliza kama ule ukurasa wa zamani bado upo,
wa kuku na maua.

Upo.
Hajaniambia niuchane.