Kilo Mia Nne Sitini na Tano

Kibandiko kimo kwenye fremu ya mlango wa dereva,
kimefifia, kimelambwa na chumvi ya barabara
majira kumi na manne ya theluji ya Saskatchewan.
Orysia Hnatiuk hajawahi kukisoma.
Nani husoma mlango?

Shemeji yake Wendell alilipiga bodi kofi
kama asifuye farasi mnadani:
"Injini hii? Itavuta hata kanisa."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Na kweli ilivuta. Ilitoka uani kwa marehemu baba,
ikapita ghala la ngano lililofungwa,
pikapu imepanda pua, imeshusha kitako, mgongo wa fisi,
taa zake zikimulika waya za simu
na barabara yenyewe gizani.

Kituo kilikuwa wazi.
Bi Thorvaldson alitoka na kikombe cha kahawa,
akampungia mkono: ekseli moja, nyingine, polepole, hapo hapo.

"Trela yako mwisho wake elfu tatu mia moja sabini na tano.
Si ulichopakia tu. Chuma chake, mbao zake, tairi zake;
watu husahau kuwa trela nayo ni mzigo.
Leo ina elfu tatu mia sita na arobaini.
Na hapa kwenye kiungo, sehemu yake imelala mgongoni mwa pikapu,
ambamo tayari umo wewe, na petroli, na huyo mbwa."

"Lakini inavuta."

"Inavuta, ndiyo. Mimi nakuuliza itasimama wapi.
Mbele yako kuna mteremko, na kulungu hawajui namba zako."

(Nasi tuna mizani yetu, nane kwa nane;
silabi ikizidi, sikio hukunja uso
na ubeti unaendelea na safari.
Hakuna aliyewahi kupinduka mtaroni kwa sababu ya kina.)

Basi akashusha.
Fuawe ya baba, kilo tisini na mbili.
Magunia sita ya mbegu, arobaini kila moja,
ngano ambayo hakuna tena shamba la kuipokea.
Jiko la chuma, mia moja na kumi na nane:
walilisukuma wote wawili, afisa na mkosaji,
wakilaani kwa Kiukreni na Kiaislandi.

Bado kumi na tano.

Akafungua turubai, akatazama. Akodiani? Hapana.
Kitanda? Kitanda kinasubiriwa na mtoto.
Pembeni palikuwa na kopo la rangi limejaa misumari
iliyowahi kupinda. Baba yake aliinyoosha mmoja mmoja
jioni za baridi, juu ya fuawe ileile,
na hakuwahi kuipigilia popote.

Alilishika kwa mikono miwili.
"Likikaa kwangu mbele, je?"

Bi Thorvaldson akachuchumaa mlangoni,
akasugua chumvi kwa kidole gumba, akasoma kibandiko,
akarudi kwenye karatasi yake, akajumlisha upya. Mbwa alimngoja.
"Mbele ipo nafasi," akasema. "Kidogo. Lifunge mkanda."

Ghalani mwa kituo vitu vitakaa siku kumi.
Wendell atapigiwa simu, atacheka, hatakuja.

Orysia akawasha gari. Misumari ikagongana ndani ya kopo.
Taa zilikuwa zimeshuka:
changarawe, mstari wa njano, sungura mmoja,
kila kitu mahali pake pa kuonekana.