Wa Pili

Mimi ndiye niliyesema neno la kwanza.
Sikulisema kwa sauti. Nilikuwa najifuta maji,
mgongo nimewapa watu, pale ufukweni Shangani:
"Mwaka huu kapunguza dakika nne."
Basi. Sikuongeza.
Neno lenyewe lilijua njia ya kwenda sokoni.

Somoe Chilumba, miaka sitini na mitatu,
mbangua korosho mpaka kiwanda kilipofungwa,
vidole vina weusi wa maganda usiotakata hata kwa chumvi,
anavuka kutoka Msangamkuu
katika shindano la watu wazima, hamsini na kuendelea,
kwa vazi aliloshona mwenyewe kwa kitambaa cha mwamvuli.
Mwaka juzi dakika arobaini na moja.
Mwaka jana thelathini na nane.
Mwaka huu thelathini na nne, na sekunde nimezisahau makusudi.

"Ng'ombe hazeeki maini," mwamuzi Nang'anda akacheka.
Mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini na tisa.
Ninaujua mstari unaopanda, ninaujua unaoshuka.

Kufikia Ijumaa walishamwongezea sindano.
Kufikia Jumapili sindano ilikuwa na rangi,
na kijana aliyeileta kutoka ng'ambo ya Ruvuma kwa bodaboda,
na bei.
Chupa yake ya maji ya mabibo
ikanuswa na watu watatu, wote wakatikisa kichwa.

Wakaja wawili kutoka Dar na sanduku la barafu.
Wakampa kikopo. Binti mmoja akamfuata chooni,
mlango wazi, maana ndiyo kanuni.
Somoe akatoka amekishika kwa mikono miwili
kama anayempelekea mgonjwa uji,
akaniona nimejibanza kwenye kivuli cha ofisi.
"Mwalimu, nishikie kanga. Mikono imejaa."
Nikaishika. Ilikuwa bado ina maji.

Wiki ya tisa hii, majibu hayajarudi.
Kila alfajiri anapita dirishani kwangu,
ndala zikimpiga visigino, kwenda majini.
Anaogelea peke yake; wenzake kila mmoja ana udhuru.
Watoto wanaokwenda shule wanasimama ukingoni
wanahesabu mikono yake inavyopanda na kuzama:
Sindano moja! Sindano mbili!
Wanahesabu vizuri. Wengine niliwafundishia mama zao.

Nami goti langu, hili la kushoto,
lilidungwa Ligula mwezi wa pili, na tena wa nne.
Daktari aliandika jina la dawa kwenye cheti.
Nimekikunja ndani ya daftari kuukuu la mahudhurio.
Sikudanganya mtu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza,
na kalamu nilikuwa nayo,
wino ulikuwepo.
Lakini hakuna aliyeniletea kikopo.
Wa pili haulizwi anakunywa nini.

Kanga yake bado iko kwangu.
Nimeifua mara mbili.
Naianika nyuma ya nyumba, imekunjwa kwa ndani,
maandishi yasinisome.