Kumi na…

Umeme ulikatika kabla ya saa mbili,
mchele wa arusi bado uko kwenye nyungo,
kilo thelathini, na mawe yake.
Barabara ya Kumi na Nne ikawa kimya,
isipokuwa jenereta la muuza barafu
lililokohoa, likakata tamaa.

"Basi tuhesabu," akasema Mwantumu,
mwalimu wa chekechea kule Pongwe,
asiyejua kukaa na watu bila kuwapanga.
"Barabara za Ngamiani, moja hadi ishirini na moja.
Hakuna zamu. Hakuna kugusana goti.
Useme namba moja, umwachie mwenzio.
Wawili wakigongana, tunarudi mwanzo, sote.
Na saba haitajwi. Saba ni cherehani,
kwa heshima ya yule fundi aliyetuharibia sare."

"Mshindi anapata nini?" Kibibi akauliza.
"Hakuna mshindi. Tunafika sote au tunalala."

Moja. Mbili. Tatu. "Tatu!"
Mwanzo.
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.
"Cherehani, we Nasoro!" Mwanzo.
Watu kumi na wawili, wa tumbo moja na majirani,
tunapigana vikumbo gizani
kama foleni ya ofisi ya ardhi.

Mara ya tisa, au ya kumi, nikaanza kusikia.
Kibibi huvuta pumzi kabla ya namba yake.
Shangazi Mwanakombo huacha kupepeta:
ungo ukinyamaza, mpishe.
Nasoro hulamba midomo.
Tukavuka kumi. Tukavuka kumi na tatu.
Kumi na sita, akasema mtu, taratibu,
kama anayetua yai.

Halafu, kutoka pembeni penye magunia:
"Ku… ku…"

Mjomba Semkiwa.
Karani wa mkonge, Ngomeni,
aliyehesabu matita miaka thelathini kwa kalamu
kwa kuwa kalamu haikwami.
Herufi ya S humkaba; jina lake mwenyewe
humtoka vipande vipande.
Maisha yake yote tumemmalizia maneno.
Hata alipokwenda kuposa, walimmalizia posa.

"Kumi na…"

Sote tulijua kinachofuata.
Kilikuwa kwenye ndimi zetu kumi na moja, tayari.
Lakini atakayemsaidia atamgonga,
na sheria ya mchezo ikatufunga midomo
pale ambapo adabu haikuwahi kuweza.
Ungo ulinyamaza. Kibibi hakuvuta pumzi.
Nikasikia punje moja ya mchele
ikidondoka kwenye sakafu.

"Kumi na… cherehani."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.
Mwantumu mwenyewe, mwenye mchezo,
akabaki anapiga mahesabu kimoyomoyo:
saba haitajwi, hata ikijificha nyuma ya kumi.
Ni yeye peke yake aliyekumbuka,
au ni S aliyoikwepa kwa uchochoro;
sikumuuliza, na sitamuuliza.

"Kumi na nane!" tukapayuka, nyumba nzima kwa pamoja.
Mwanzo.
Kicheko kikapindua ungo wa Shangazi.

Umeme ukarudi wakati huohuo.
Kibibi akainuka, akaizima taa,
akarudi kukaa.
Tukasubiri.

"Mo…" ikasema sauti ya kwenye magunia,
bila haraka yoyote, "… moja."

Kesho yake, katikati ya pilau,
bwana arusi aliuma jiwe.
Tukatazama sahani zetu.
Hakuna aliyeuliza zamu ilikuwa ya nani.