Arobaini za Nyuma

Za mwizi ni arobaini,
na za gurudumu la nyuma ni arobaini vilevile;
la mbele thelathini na mbili.
Nazihesabu spoku juu ya gunia tupu,
uani kwangu, Newala,
nikishajipangusa vumbi la ghala.

Mchana mimi ni mtu wa mizani.
Gunia linapanda, naandika, gunia linashuka,
mkulima hanitazami usoni, anatazama kidole changu
kama vile kimeficha kilo yake.
Saa kumi na moja nafunga daftari la chama cha msingi,
nafungua langu, lenye kurasa mbili tu zilizoandikwa:
spoku, mafungu matatu. Grisi, kopo dogo.
Ringi moja, ya mkopo, kwa Chinduli wa sokoni
aliyeuliza bila ubaya, "Karani, utaweza?"

Sikuweza.

La kwanza nililisuka usiku kwa tochi ya simu.
Mke wangu aliishika huku anasinzia,
mwanga ukiteremka polepole
mpaka ukamulika vidole vya miguu yake.
Asubuhi gurudumu lilizunguka, likang'aa, likanidanganya.
Nikampa Somoe Nampota,
anayepandisha maji kutoka bondeni,
madumu manne kwa safari,
mlima ambao hata mbuzi hupumzika katikati.

Kabla ya adhuhuri alirudi,
yeye ndiye kaibeba baiskeli.
Ringi imejikunja kama kopa la muhogo juani.
Hakufoka. Alisema, "Yamemwagika yote manne,"
na hilo neno "manne" likanikaa kooni
siku nzima, kama mwiba wa dagaa.

Nikaanza kufungua, nati moja moja.
Nilidhani ataondoka. Akaketi;
haraka yake ilikwisha na maji.
Yeye ni msuka mikeka, vidole vyake havijui kukaa bure.
"Hizi umezipitisha tu," akasema, "hujazisuka.
Moja ipite juu, juu, halafu iingie chini.
Hiyo ya tatu ndiyo inayoshika."
Akaivuta habu mapajani kama anaanza ukili,
na kufikia alasiri
spoku arobaini zilikuwa zimelaliana
kila moja na deni kwa mwenzake.

Kukaza ndiko kwangu.
Baiskeli kichwa chini, magurudumu juu,
njiti ya kiberiti nimeifunga kwenye foku:
ringi ikiigusa, krr, hapo pamevimba,
robo mzunguko, usitamani nusu.
Kisha nazipiga kwa ukucha, nasikiliza:
ti, ti, ti, ti, tu.
Huyo "tu" ndiye mvivu.
Namrudi, napiga tena.
Kuna mizani ya ghala, kuna mizani ya shairi;
hii ya tatu sijui inaitwaje.

Siku hizi Somoe anasuka, mimi nakaza,
mapato tunagawana kati,
ingawa kibao getini kimeandikwa jina langu peke yake.
Rangi iliisha, nilimwambia.
Alicheka. Rangi inauzwa hapo dukani, na yeye anajua.

Wateja wanasema, "Korosho zikiuzwa."
Naandika: Likanga, la nyuma, mnada wa pili.
Mzee Nachundu, yote mawili, mnada wa kwanza, Mungu akipenda.
Shida ni kwamba magunia yao yanapita mikononi mwangu.
Najua kabla yao nani atalipa
na nani mwaka huu mikorosho yake imempa majani.
Wa majani nao nawakazia vilevile, robo kwa robo.
Somoe sijamwambia.

Jana jioni alipita hapa akishuka bondeni,
madumu matupu yakigongana kama sufuria za harusi.
Leo alfajiri nikamsikia akirudi,
madumu yamejaa, yamenyamaza.
Sikutoka nje. Nililala nikisikiliza gurudumu la nyuma
kutoka kona ya msikiti mpaka lilipomezwa na mchanga.
Hapakuwa na "tu" hata mmoja.
Nikaamka, nikaenda kutafuta rangi.