Mbachao

Huu mwezi wa Shaabani kila mtu anaoa.
Mezani pangu Kibokoni zimepangana harusi tatu,
na mashine imeganda tena
bi harusi wa Kuze akifunuliwa ushungi:
nusu ya uso ni wanja na haya,
nusu ni mistari ya kijani.

Twaha fundi aliifungua Jumatatu.
Akapuliza vumbi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi
kapasita zilizoumuka kama vitumbua,
na chumvi, chumvi ya hewa yetu hii,
ilivyoota kijani kilekile juu ya shaba.
"Kadi mpya ya picha haitaelewana na ubao huu.
Ukibadili ubao-mama, ramu nazo hazitaingia.
Ni kama mkeka, Da Mwanakheri,
ukifumua ukili mmoja..."
Hakumaliza. Akataja bei.

Usiache mbachao, angesema marehemu nyanya.
La kuvunda nalo halina ubani.
Yeye huyo huyo angesema yote mawili, siku moja,
kabla ya adhuhuri.

Nimepiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko:
arubuni ya Ijumaa, salio la Kuze
(wakilipa),
kisha Ramadhani, watu hawaoi.
Ndipo nitakapoing'oa,
mchana, na saumu yangu, skrubu kwa skrubu.

Ila leo imefika sabini na moja kwa mia
na haiendi.
Naivua ubavu wake wa bati,
nageuza feni iliyokuwa ikinipepea,
naielekeza kwake.

Jasho lanitoka. Sabini na mbili.