Mistari Mitatu ya Nukta

Fomu imetuachia mistari mitatu ya nukta.
Eleza kwa ufupi kwa nini umechagua kuhudumia wazee.
Kalamu ni ya kuazima, wino unakatikakatika,
na Mwalimu Nachundu anakusanya saa nne kamili.

Shamte, kulia kwangu, keshamaliza.
Ameandika: Wito.
Siwema ameandika kwamba wazee ni hazina,
maneno ya kwenye kanga, nayo yamemtosha.

Mimi, kama ni ukweli, nilitaka ukunga.
Nilitaka kile kilio cha kwanza,
vigelegele kwenye korido,
mtoto wa watu kupewa jina langu.
Nafasi zikajaa. Nikasogezwa
kwenye dirisha lisilo na foleni.
Mjomba akauliza kwenye simu,
"Wazee? Si watu wa kuondoka tu hao?"
Salio likaisha kabla sijamjibu,
na nilifurahi lilivyoisha.

Halafu Bibi Nantende, kitanda cha nne.
Mdomo wake wa juu una tundu la ndonya.
Ndonya yenyewe aliivua zamani,
siku mjukuu wake aliporudi shuleni analia.
Tundu halikuvuliwa.
Kitabu chetu kina sura nzima ya kumlisha mgonjwa:
mto uinuliwe kiasi gani, kijiko kijae kiasi gani.
Hakina hata neno juu ya uji
unaochungulia tunduni na kushuka kidevuni.
Niliziba kwa kitambaa. Akanisukuma.
Akashika kidole changu cha shahada,
kikiwa ndani ya glavu,
akakiweka mwenyewe pale panapovuja,
akameza.
"Haya," akasema. "Sasa umesoma."

Na kucha za Mzee Liundi,
ngumu kuliko ganda la korosho.
Tulivunja mkasi wa wodi kwenye dole gumba la kushoto,
tukacheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kutazama.
Ni msimu. Wanawe watatu wako ghalani,
wanapanga magunia, wanasubiri mnada.
Hawalaumu.
"Korosho haingoji," anasema. "Mimi nangoja."
Kisha ananyoosha mguu wa pili.

Sitaki kudanganya.
Yupo aliyenitemea mate.
Yupo anayeniita mwizi kila asubuhi,
na jioni ananiita mama,
nami sijui lipi linanichosha zaidi.
Maji ya Newala mnayajua: ndoo moja, shuka sita.
Kuna usiku nimekaa chooni
nikahesabu miezi iliyobaki.

Lakini kuna jambo
ambalo hata mistari mia isingelibeba.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kwetu Kitangari.
Bibi alikuwa akiita kutoka chumba cha uani,
nasi tunacheza rede, zamu yangu ya kukwepa mpira.
Aliita, nikasema naja.
Aliita, nikasema naja.
Aliita, nikasema naja bibi, namaliza.
Mara ya nne hakuita.
Sikujua alitaka nini. Pengine kikombe tu.
Pengine kugeuzwa ubavu.
Nyumbani hakuna aliyeniuliza,
wote wanaamini nilikuwa sijasikia.

Saa nne kasoro dakika mbili.
Mwalimu anaanza na safu ya nyuma,
viatu vyake vinakuja.
Naandika: Niliitwa.
Shamte ananyoosha shingo, anasoma, anaguna.
"Si wito huohuo? Umebadilisha tu herufi."
Labda.
Kwangu wino umekomea hapo,
mistari miwili imebaki na nukta zake,
na kule wodini, ng'ambo ya uwanja,
kuna mtu anagonga kijiko kwenye bakuli.
Nampa mwalimu karatasi.
Natoka kabla hajagonga tena.