Ngawa wa Konde

Kwetu Micheweni, juu ya mawe,
ngawa ni wa kijivu, jivu la makumbi,
madoa yamefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia.
Akilala huoni kitu.
Akiondoka, waona jiwe limetembea.

Nilipoolewa Makangale, ukingoni mwa Ngezi,
wifi yangu Bimkasi akaniambia: ngawa ni mweusi,
mweusi wa karafuu siku ya tatu juani.
Nikacheka. Nikamwambia huyo ni paka shume.
Akanuna siku mbili,
chai akanimiminia bila sukari.

Basi tukabishana miaka saba,
yeye na msitu wake, mie na mawe yangu,
kila mmoja kamwona kwa macho yake,
wala hapana aliyesema uongo.

Juzi tukenda Konde, arusini kwa Mize.
Usiku mkubwa makoo yakapiga kelele bandani.
Bimkasi kashika tochi, mie mwiko wa pilau.
Akatoka:
mgongo wa karafuu, ubavu wa jivu,
mkia pete pete, nyeusi, kijivu, nyeusi,
kama aliyekuwa nyuma ya ukuta
akitusikiliza miaka yote saba.
Akatutazama. Wala hakufanya haraka.
Unyoya mmoja ulimganda mdomoni.

Bimkasi hakusema kitu. Nami sikusema.
Tukahesabu kuku: wamepungua wawili.
Nani atamwambia mama wa biarusi?

Asubuhi chai yangu ilikuwa na sukari,
nyingi mno.
Nikainywa yote.